Sura ya Sita: Kalamu ya Waziri na Msitu wa Kakamega

Ijumaa, tarehe 16 Februari 2001, Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya lilitoka kama linavyotoka kila Ijumaa. Ni gazeti linalosomwa na watu wachache. Wengi wetu huligundua siku tunapofuatilia mirathi ya mzazi au tunapopoteza hati ya shamba. Siku hiyo, Waziri wa Mazingira, Noah Katana Ngala, alilitumia kutangaza kwamba anakusudia kubadilisha mipaka ya misitu kadhaa ya serikali. Ukijumlisha vipande vyote vilivyokusudiwa kukatwa, ulipata takriban hekta 67,000. Mau Mashariki peke yake ilikuwa ipoteze zaidi ya hekta 35,000.

Tangazo la namna hiyo halina neno la kutisha hata moja. Linataja kifungu cha sheria, jina la msitu, ukubwa wa eneo kwa hekta, kisha linasema mipaka imeonyeshwa kwenye ramani ya namba fulani iliyohifadhiwa katika ofisi za Idara ya Upimaji, Nairobi. Mto unaotokea humo hautajwi. Kijiji kinachokunywa maji ya mto huo hakitajwi. Mkulima akitaka kujua kama chemchemi yake imo ndani ya mstari au nje, apande gari aende Nairobi, aombe kuonyeshwa ramani, na awe mtu anayejua kuisoma. Afanye hayo ndani ya siku 28, kwa sababu huo ndio muda ambao sheria ilimpa mwananchi kabla waziri hajaweka sahihi ya mwisho.

Sheria yenyewe ilikuwa Sheria ya Misitu, Sura ya 385, iliyotungwa mwaka 1942 chini ya ukoloni na kurithiwa nzimanzima na Kenya huru. Kifungu chake cha 4 kilimruhusu waziri kutangaza ardhi kuwa msitu, kubadilisha mipaka ya msitu, au kutamka kwamba msitu fulani tangu leo si msitu tena. Hakutakiwa kwenda Bungeni. Hakutakiwa kupata ripoti ya mtaalamu. Alitakiwa kutoa taarifa, kungoja siku 28, na kutia sahihi. Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo, Ijumaa nyingine, matangazo ya kukamilisha kazi hiyo yalichapishwa.

Nimeamua kuisimulia habari hii nikiwa upande wa Kakamega, na nina sababu. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mashariki kabisa ya msitu mkubwa wa mvua ulioanzia Kongo. Una zaidi ya aina 300 za ndege, na wapo wanaosafiri kutoka mbali kuja kumwona mmoja tu, yule shorobo mkubwa wa buluu anayeruka kwa uzito kutoka mti hadi mti pale Isecheno. Mito Isiukhu na Yala hupita ndani yake. Ila kwa watu wa Shinyalu, Ileho na Malava, msitu ni kuni kabla ya kuwa ndege. Ni mizizi ya mukombero inayofungwa kwa mafungu madogo na kuuzwa stendi ya mjini Kakamega, ile unayotafuna ikawa chungu kwanza halafu tamu. Ni nyasi za kuezekea, ni dawa ya gome, ni malisho ya ng'ombe wawili watatu. Mama anayetoka msituni na mzigo wa kuni kichwani, akiwa na stakabadhi ya kibali chake imekunjwa ndani ya leso, anaujua mpaka wa msitu kwa miguu kuliko mpimaji yeyote. Nchi ya Waluhya imebanana. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi mengine hayafiki ekari moja. Ukiupunguza msitu hapa, unagusa jiko la mtu.

Tena Kakamega iliwahi kuonja, kabla ya sehemu nyingine nyingi za Kenya, jinsi ulinzi wa ardhi ulioandikwa katika sheria unavyoweza kuondolewa haraka. Habari hiyo haifundishwi sana mashuleni, nami naona ni hasara kubwa.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele. Ikiwa kipande kitahitajika kwa shughuli ya umma, ardhi nyingine ya ukubwa uleule iongezwe kwenye hifadhi, na Baraza la Wenyeji la mahali hapo lishirikishwe. Kwa viwango vya ukoloni, hiyo ilikuwa ahadi nzito. Haikumaliza hata miaka mitatu. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umewafilisi walowezi wengi, nzige wamemaliza mahindi, na mamia ya Wazungu wakateremka na mahema na sururu kuchimba mashamba ya watu. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji, jina lake linaishi hadi leo.

Shida ilikuwa sheria. Ili kumpa mchimbaji ardhi, serikali ilipaswa kuwapa wenyeji ardhi nyingine, na Kavirondo Kaskazini ilikuwa imejaa watu. Desemba 1932, siku chache kabla ya Krismasi, Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi likapitisha marekebisho. Fidia ikawa ya pesa badala ya ardhi, na sharti la kulishirikisha Baraza la Wenyeji likaondolewa pale ardhi inapochukuliwa kwa muda kwa ajili ya migodi. Gavana alikuwa Joseph Byrne. Ndani ya Baraza hilo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kelele zilifika London, na Februari 1933 Baraza la Malodi likajadili mashamba ya watu ambao hawakuwa na njia ya kusikia wanachosemewa. Nyumbani kilizaliwa chama cha North Kavirondo Central Association, na hofu ya ardhi ndiyo iliyokipa wanachama.

Mwaka huohuo wa 1933 Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa amana. Kwa jicho la mwanamazingira wa leo, ni tarehe ya kusherehekea, maana bila tangazo lile huenda pasingebaki mti. Kwa jicho la mzee wa Isukha wa wakati ule, ilikuwa amri ya pili kutoka kwa watu walewale. Kwanza wameondoa sharti la kuulizwa kuhusu shamba lako, sasa wameuwekea mipaka msitu wako. Nadhani tukielewa jambo hilo, tutaacha kushangaa kwa nini vigingi vya mpaka wa msitu vimekuwa vikihamishwa usiku kwa miaka mingi. Mpaka uliowekwa bila mtu kuulizwa hulindwa na askari peke yake.

Kwa hiyo sitaki msomaji adhani kwamba Bunge ni dawa kwa jina lake tu. Desemba 1932 ni baraza la kutunga sheria lililopiga kura, likafuata utaratibu wake, likafanya dhuluma. Lililokosekana ni wenye ardhi ndani ya ukumbi, na muda wa kutosha wa wao kupata habari.

Uhuru ulileta wenye ardhi ndani ya ukumbi. Ila sheria ya 1942 ilibaki, na kwa hiyo maamuzi makubwa kuhusu misitu yaliendelea kufanyika nje ya ukumbi huo. Katikati ya miaka ya 1980 sehemu ya kaskazini ya Msitu wa Kakamega, Buyangu pamoja na Kisere, ilifanywa Hifadhi ya Taifa na kukabidhiwa watu wa wanyamapori, huku kusini kukibaki chini ya Idara ya Misitu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliagiza ukanda wa majani ya chai upandwe kuzunguka misitu ya nchi. Shirika la kuusimamia liliundwa kwa amri ya rais chini ya Sheria ya Mashirika ya Serikali, na Kakamega ikapata ukanda wake. Ukipita leo unauona, kijani cha chai kilichokatwa sawasawa, kisha ghafla ukuta wa miti. Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba chai iliuwekea msitu mpaka unaoonekana na kuwapa vijana kazi ya kuchuma. Ninalolikumbusha ni kwamba ili kupanda chai ya kulinda msitu, kwanza palifyekwa msitu, na kufyeka huko hakukupigiwa kura na mbunge yeyote wa magharibi mwa Kenya.

Huo ndio uliokuwa mtindo wa enzi ile. Rais alisimama kwenye mkutano akatamka, na kabla jua halijazama mkuu wa wilaya alikwisha kulitekeleza tamko. Siku nyingine tamko lilikuwa jema, likapiga marufuku ukataji wa miti ya asili. Siku nyingine liligawa ardhi. Mwananchi hakuwa na namna ya kujua kesho litakuwa la aina gani, wala mahali pa kwenda kulipinga. Msitu wa Karura jijini Nairobi uligawiwa makampuni namna hiyo, na Januari 1999 mtetezi wa misitu Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kutoka damu walipokwenda kupanda miche kwenye lango lake.

Ni Maathai huyohuyo aliyezunguka mwanzoni mwa 2001 akikusanya saini za kupinga tangazo la Ngala. Mwezi Machi polisi walimkamata Kirinyaga akiwa katika kazi hiyo. Kuna jambo hapa ambalo ningeomba tulitazame kwa utulivu. Siku 28 za kutoa pingamizi zilikuwa haki iliyoandikwa katika sheria. Mtu aliyekuwa akiwasaidia wananchi kuitumia haki hiyo alikamatwa ndani ya siku hizohizo. Na hata kama saini zingefika milioni, sheria haikumlazimu waziri kuzijibu.

Serikali ilibadilika Desemba 2002. Maathai akawa mbunge wa Tetu na Waziri Msaidizi wa Mazingira. Tume ya Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, misitu ikiwemo. Mwaka 2005 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Misitu, iliyoanza kutumika 2007, nayo ikaifuta ile Sura ya 385.

Kifungu cha 28 cha sheria hiyo ndicho kiini cha sura hii. Kilisema mipaka ya msitu haibadilishwi wala msitu haufutwi ila kwa hatua zinazofuatana. Huduma ya Misitu ipendekeze, na haiwezi kupendekeza ikiwa mabadiliko yatahatarisha viumbe vilivyo adimu au kuharibu chanzo cha maji. Kamati ya uhifadhi ya eneo husika ikubali. Tathmini huru ya athari kwa mazingira ifanywe. Wananchi washauriwe. Mwisho wa yote, Bunge lipitishe azimio. Kazi iliyokuwa ya sahihi moja na mwezi mmoja wa kungoja sasa ilihitaji watu wengi kukubaliana hadharani, kila mmoja akiwa na sababu yake imeandikwa kwenye karatasi inayoweza kusomwa na mpinzani wake.

Kuna wanaoona huo ni urasimu. Mimi nimesoma historia ya Msitu wa Mau, na siwezi kukubaliana nao. Watu waligawiwa vipande vya ardhi Mau, wengine wakiwa na hati mkononi, wengine wakiwa na ahadi tu. Wakajenga, wakazaa, wakazika wazee wao hapo. Kuanzia mwishoni mwa 2009 serikali iliyofuata ikaanza kuwatoa kwa awamu, na picha za familia chini ya maturubai kando ya barabara zikaenea dunia nzima. Waliogawa walikuwa wamestaafu kwa heshima zao, na aliyelala mvuani ni yule aliyeamini sahihi. Kalamu inayoweza kukupa shamba Ijumaa bila kumuuliza yeyote inaweza kukunyang'anya Ijumaa nyingine kwa njia ileile. Ucheleweshaji wa kifungu cha 28 ungewaokoa hata wale waliokuwa wakitamani ardhi hiyo.

Katiba ya 2010 iliimarisha ukuta huo. Ibara ya 62 inasema ardhi ya umma haitolewi wala kutumiwa vingine ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Ibara ya 69 inaitaka nchi ijitahidi kuwa na miti kwenye walau asilimia kumi ya ardhi yake. Ibara ya 118 inalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2013 ikaja Sheria ya Hati za Kisheria (Statutory Instruments Act): kila kanuni anayotunga waziri sharti ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo inakufa yenyewe, na Bunge laweza kuibatilisha. Wachache hutaja sheria hiyo, lakini ndiyo inayomfanya waziri wa leo afikirie mara mbili.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ikachukua nafasi ya ile ya 2005. Kifungu chake cha 34 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni kutaka mpaka wa msitu ubadilishwe, ila ombi sharti lionyeshe kwamba maji, viumbe adimu na maeneo ya utamaduni hayatadhurika, na lipite kwanza kwa Huduma ya Misitu, ambayo inashauriana na taasisi ya utafiti wa misitu na mamlaka ya mazingira.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka 2021 mswada wa kurekebisha kifungu hicho uliletwa na kamati ya Bunge lenyewe, ile inayoshughulikia taratibu na kanuni za vikao. Ulitaka kuondoa sharti la ombi kuchujwa na Huduma ya Misitu. Hoja yao ilikuwa na uzito, na si haki kuipuuza. Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni; inakuwaje afisa wa serikali akae mlangoni na kuamua ombi la nani litaingia? Kwa maneno hayo walijionyesha kuwa wanalirudishia Bunge nguvu zake.

Kwa maoni yangu waliukosea msitu hesabu. Mbunge hawezi kujua, kwa kusikiliza hoja ukumbini, kama chemchemi ya Isiukhu itakauka ukikata ekari hamsini upande wa Ileho. Wa kumwambia hivyo ni mtu aliyepima maji. Bunge linalopiga kura bila ripoti hiyo linafanya kile alichofanya waziri wa 2001, tofauti ikiwa idadi ya sahihi. Na ombi la kutaka kipande cha msitu mara nyingi halitoki kwa mama wa kuni. Hutoka kwa mwenye uwezo wa kulipa wakili. Mwanzoni mwa 2022 mashirika ya mazingira na wananchi wengi walipinga hadharani, na mswada haukuwa sheria. Kichujio kikabaki.

Matamko nayo hayakuisha. Februari 2018 William Ruto, akiwa Naibu wa Rais, alitangaza marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma. Jumapili, tarehe 2 Julai 2023, akiwa Rais, aliiondoa marufuku hiyo kwa maneno kwenye ibada huko Molo. Walioshangilia walikuwa na sababu, maana viwanda vya mbao vilikuwa vimefungwa na vijana hawana kazi. Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani, na mwezi uliofuata Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha utekelezaji. Kilichogombewa pale ni zaidi ya mbao. Ni kama jambo linalogusa msitu wa umma laweza kuanza na kuisha kwa kauli, bila wananchi kupewa nafasi ya kusema kwanza.

Kwa mtu wa Kakamega, swali linalobaki ni la vitendo: akiona vigingi vimesogea, au akisikia kuna mpango wa kumega upande wa Yala, afanye nini? Sheria ya Taratibu za Maombi kwa Bunge, ya mwaka 2012, inajibu kwa urahisi wa kushangaza. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono. Laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Lieleze jambo lenyewe, juhudi ambazo mwombaji amekwisha kufanya kupata jibu kwingine, na kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo. Aweke jina, anwani, namba ya kitambulisho, na sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Linapelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti, linawasilishwa ukumbini, kisha linakwenda kwenye kamati, na kamati yaweza kumwita waziri aje ajibu. Ada hakuna. Ombi la kutaka msitu usikatwe linafika ukumbi uleule na la kuomba ukatwe likishapita kwa Huduma ya Misitu, na linasomwa mbele ya wabunge walewale.